Maikrofoni na Ukweli wa Ngoma

Anayerekodi dramu nyumbani, Busia au Malaba, hutafuta maikrofoni itakayosema kweli. Lakini kweli ya nani? Maikrofoni ya Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, ikisogezwa karibu na ngozi ya dramu hushika pigo la kijiti na kuyafifisha mabati ya paa yanayovuma juu. Maikrofoni ya kondensa ikiwekwa mbali hushika chumba kizima, mvua ikiwemo. Mtu atapinga, akisema ipo maikrofoni inayopokea masafa yote sawasawa, isiyopendelea. Hata hiyo husimama mahali pamoja, na asikiacho mpigaji sicho asikiacho mchezaji. Basi uaminifu ni deni kwa msikilizaji fulani. Chukua Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya: hiyo, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa kulindwa haraka, huchezwa katikati ya watu. Kwayo ningechagua kondensa mbili za mbali, hata sauti ikichafuka.