Kitu Kisichopungua Kikigawanywa

Je, mtu akiwa na kitu ambacho akimgawia jirani yake hakimpungui hata kidogo, ni haki kumkataza asikigawe? Na ikiwa amekwisha kuahidi kwamba hatakigawa, naye jirani amesimama mlangoni akiomba, afanye nini? Sisi swali hili lilitujia kwa njia ya kompyuta, chombo ambacho hatukudhani kwamba kingeweza kutusumbua dhamiri.

Ukimwazima jirani jembe, siku hiyo wewe hulimi. Lakini ukimpa kijinga cha moto, moto wa jikoni mwako haupungui. Programu, yaani yale maagizo yanayoiongoza kompyuta, ni ya jinsi ya moto: hunakiliwa kwa dakika chache, na ile ya kwanza hubaki nzima. Walakini programu nyingi zinazouzwa huja na mapatano, ambayo mnunuzi mara nyingi huyakubali bila kuyasoma, kwamba hatampa mwingine nakala. Basi mtu huyu amebanwa pande mbili. Akimsaidia jirani, amevunja neno lake. Akilishika neno lake, ameonekana mchoyo.

Watu wengi huku kwetu Usambara wamelikata shauri hili kwa njia nyepesi. Hununua kwa fundi nakala iliyovunjwa kufuli, wala hakuna aonaye haya. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo. Kompyuta ya ofisi yetu ilitumia nakala ya namna hiyo miaka mingi, na kwayo tuliandika hata mafundisho ya Amri ya Saba! Kijana mmoja wa kwaya ndiye aliyetuuliza, kwa adabu sana, “Baba Mchungaji, leseni ya programu hii iko wapi?” Hatukuwa na la kumjibu.

Kijana huyo ndiye aliyetuonyesha programu huria. Kwanza tulidhani ametuletea vitu vya bure, na neno “bure” katika lugha yetu halina sifa njema: kitu cha bure hakikulipiwa, lakini kazi bure ni kazi isiyofaa kitu. Tulikosea. Waingereza wana neno moja tu kwa mambo haya mawili, nao hutaabika kulieleza. Sisi tuna “bure” na tuna “huru”, na ajuaye Kiswahili hana udhuru wa kuyachanganya. Programu huria yaweza hata kuuzwa. Uhuru wake ni kwamba mwenye kuipata aweza kuitumia kwa kazi yo yote, kuyasoma maandishi yake ya asili na kuyageuza, kuwapa wengine nakala, na kuwapa pia ile aliyoitengeneza upya.

Kisa chake chafaa kujulikana. Karibu na mwaka 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman na wenzake walipewa mashine mpya ya kupiga chapa. Ile ya zamani walikuwa wameitengenezea maagizo ya kuwaarifu watu karatasi zikikwama. Hii mpya ilikuja bila maandishi ya programu yake, hata wasiweze kuitengeneza hivyo. Stallman akamwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, akamwomba. Yule akakataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kutompa mtu. Neno hili lilimchoma sana Stallman. Mnamo Septemba 1983 alitangaza kazi ya GNU, yaani kuandika upya programu zote za kuendeshea kompyuta, ziwe huru. Mwaka 1989 ilitoka leseni yake, ambayo ina werevu wa pekee: aigawaye programu hana ruhusa ya kumnyima ampaye uhuru ule ule alioupokea yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza kuandika Linux, nayo ikajaza mahali palipokuwa pangali wazi.

Stallman husema kwamba kuifunga programu ni uovu daima. Hapa sisi hatumfuati mpaka mwisho. Mtu atungaye programu na kuiuza kwa mapatano ya wazi anawalisha watoto wake, wala hatuthubutu kumwita mwovu. Lakini ahadi ya kumnyima jirani ni ahadi ambayo heri usiifanye. Na ukiisha kuifanya, huna ruhusa ya kuivunja kwa siri na kuuita wizi wako wema. Njia iliyobaki ni kuchagua tangu mwanzo kitu kisichodai ahadi hiyo. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ruhusa ya kuitafsiri ilikuwa imekwisha kutolewa kwa watu wote.

Tulipoyafahamu hayo tulianzisha kikundi, Jumamosi alasiri, katika darasa moja la shule. Siku ya kwanza tulikuwa watu saba na kompyuta mbili. Tulidhani kazi itakuwa kugawa diski tu. Loo! Mashine ya kupigia chapa ilikataa kuitika, na hesabu za mwaka za karani zilifunguka mistari yake imevurugika. Wawili hawakurudi. Hatuwalaumu; mtu mwenye kazi ya kesho hawezi kula uhuru.

Shida kubwa zaidi ilitoka ndani. Mwenzetu mmoja alijua kuliko sote. Alipotengeneza kompyuta ya mtu aligeuza kioo upande wake, na alipoulizwa amefanyaje, alicheka tu. Akawa anaitwa nyumba kwa nyumba. Tulikusudia kumwonya, ndipo tulipojichunguza, tukaona kwamba sisi nasi tulipenda sana kuitwa. Leseni yaweza kumlazimu mtu kuyaacha wazi maandishi ya programu, lakini haiwezi kuufungua moyo wake amfundishe mwenzake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi tulikuwa tukiwafanya wenzetu wategemezi, kila mmoja akiwa na programu huria mezani pake.

Basi tulinunua daftari. Kila litengenezwalo huandikwa humo kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, nalo halitoki darasani. Yule mjuzi alikaa majuma matatu bila kuandika neno. Juma la nne aliandika kurasa mbili, kwa mwandiko mbaya. Jumamosi iliyopita mashine ya kupigia chapa ilikataa tena. Karani, mama wa makamo, alilifungua daftari, akasoma polepole akifuata kwa kidole, na karatasi zikatoka. Hakumwita mtu. Sisi tulikuwa tumekwisha kuinuka kitini, tukaketi tena.