Khabari Isiyochunguzwa ni Moto



Kila ufikapo mwisho wa Oktoba, baadhi ya watoto wa miji yetu huvishwa mavazi ya wachawi kwa kuiga sherehe ya Halloween. Twaambiwa ni mchezo tu. Lakini Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Na mwaka 2008, huko huko Kisii, walichomwa watu zaidi ya kumi.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa bara. Kilifi yetu wazee wameuawa kwa mvi zao, hata pakafanywa makimbilio yao Kaya Godoma, Ganze.

Moto huo huanza kwa neno. Zamani neno lilikwenda kwa miguu; leo sauti isiyojulikana mwenyewe huingia simu elfu kabla mtu hajamaliza kutawadha. Katika Suratul-Hujurat Mola ametuamuru kuichunguza khabari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kusimulia kila asikialo hasalimiki na uongo. Je, kuipeleka mbele sauti hiyo si kusimulia?

Basi sauti usiyoijua asili yake, ifute. Mwanao mpe mchezo usiomfunza kumwogopa ajuza. Na jirani yako mzee, mpelekee chakula, watu waone kuwa yu na wenyewe.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na shari ya ndimi zetu. Amin.