Wazo la Leo: Anza na Kosa la Juu

Umeandika orodha yako ya kwanza ya nodi kwa lugha ya C, na kompaila imekumwagia makosa 14. Tulia. Kompaila husoma kutoka juu kwenda chini. Ikijikwaa mapema, hata mistari mizima huiona mibovu. Mara nyingi mchawi ni nukta-mkato iliyosahauliwa baada ya } ya struct, ingawa lawama huenda ikaangukia mstari unaofuata, usio na hatia. Au ndani ya typedef umeandika Nodi *ifuatayo, ilhali jina Nodi bado halijazaliwa. Andika struct nodi *ifuatayo; na mwanzoni typedef struct nodi {. Rekebisha la kwanza, kompaili tena. Pengine yatabaki mawili, na hayo, aghalabu, ni yako kweli.