Karamu ya Mtaa

Mwanadamu hula peke yake apate nguvu, lakini hula pamoja na wenzake apate undugu. Kwa sababu hii hakuna taifa duniani lisilokuwa na karamu. Mtaa unapokusudia kuandaa karamu yake, swali la kwanza linaloulizwa ni la fedha: Itagharimu kiasi gani? Swali hili ni jema, kwa kuwa wengi wetu hatuna kingi. Lakini, msomaji, nataka ufikiri pamoja nami juu ya swali jingine lililo nyuma ya hilo. Karamu ya gharama ndogo ni njema kwa nini? Je, ni kwa kuwa inaokoa fedha, au ni kwa kuwa inaokoa kitu kingine kilicho bora kuliko fedha?

Nitaanza kwa kisa. Katika mtaa mmoja wa kisiwa cha Pate watu waliazimia kula pamoja siku ya pili ya Idi. Wakubwa walikaa, wakahesabu bei ya mchele, mbuzi na samli, wakagawa jumla kwa idadi ya nyumba, ikatoka shilingi 500 kwa kila nyumba. Hesabu ilikuwa sahihi, wala hapakuwa na aliyedhulumu. Majina ya waliotoa yaliandikwa, na jioni yakasomwa kwa sauti barazani. Bibi mmoja mjane, aliyekuwa akiishi kwa kusuka mikeka na makawa, hakuwa na fedha hiyo, na jina lake halikusomwa. Siku ya karamu hakutoka. Watu wema walimkumbuka, wakampelekea sahani ya pilau. Aliipokea kwa shukrani, akawaombea dua watoto walioileta. Baada ya saa moja sahani ilirudi, kawa lipo juu yake vilevile, na pilau haikuguswa.

Watu walinena kuwa bibi yule ana kiburi. Mimi nami nilinena hivyo, kwani nilikuwa kijana. Sasa naona tulikosa. Bibi yule hakunyimwa chakula. Alinyimwa nafasi ya kutoa. Tulimfanya mgeni katika mtaa aliozaliwa.

Huenda ukauliza: Je, si haki kila mtu atoe sawa na mwenzake? Naam, usawa una sura ya haki, lakini sura si mtu mwenyewe. Shilingi 500 kwa mwenye jahazi ni bei ya kamba moja ya tanga. Kwa mjane ni chakula cha siku kadhaa. Anayewatoza wote sawa hawatozi sawa. Wazee walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno hilo usambe, yaani usiseme, ni la lahaja za kaskazini, za visiwa hivi hivi vya Lamu na Pate. Basi methali hii yatuonya sisi kwa lugha ya nyumbani kwetu.

Huenda ukasema tena: Kama ni hivyo, matajiri na walipe yote, maskini waje kula tu. Shauri hili lina huruma, lakini haliponyi jeraha. Karamu ya mtu mmoja ni ya mtu huyo, hata ikiliwa na mia. Yeye hutoa, wengine hushukuru. Na anayeshukuru kila mwaka bila kupata siku ya kushukuriwa, mwishowe huchoka, hata kama tumbo lake limeshiba.

Kiswahili kina neno lililotangulia kulitatua jambo hili, nalo ni kikoa. Kula kikoa ni kula pamoja, chakula kikiletwa na walaji wenyewe, huyu leo na yule kesho. Katika kikoa mlaji ndiye mwenye karamu. Hapo ndipo naona fadhila ya gharama ndogo. Karamu ikiwa ya thamani kubwa, wachache tu wanaweza kuiandaa. Ikiwa nyepesi, kila mkono wafika.

Tazama jinsi kisiwa chenyewe kinavyotufundisha. Mchele, sukari na unga huletwa kwa vyombo, na nauli ya bahari huongezwa katika bei. Lakini samaki ni wetu, na nazi ni zetu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, wavuvi hushindwa kwenda mbali, na samaki huwa ghali. Wakati wa kaskazi bahari hutulia. Basi mtaa wenye busara ungeweka karamu yake kaskazi. Mvuvi alete samaki, mwenye shamba nazi, na mwenye duka kibaba cha mchele. Asiye na kitu cha kununua ateke maji kisimani, apepete mchele, akune nazi, afagie uwanja, au awashe moto. Sufuria ziazimwe. Daftari la majina lisiwepo kabisa, maana kazi ya daftari hilo ni kumwonyesha asiyeandikwa.

Usidhani kwamba jambo hili ni dogo. Jijini Paris, Ufaransa, mwaka 1999, Atanase Périfan alianzisha siku ya majirani kula pamoja, kila mmoja akileta alichonacho. Sababu yake ilikuwa ya huzuni: mwanamke mzee alikutwa amekufa nyumbani mwake, na miezi ilikuwa imepita bila jirani kujua. Mji ule haukukosa mali. Ulikosa watu wa kugonga mlango. Mlango usiogongwa kwa furaha haugongwi kwa msiba.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Pate ulipata kuwa mji wa fahari. Habari zake za kale, alizozichapisha Stigand kwa Kiingereza mwaka 1913, husimulia kwamba wakubwa wa mji walipanda vitandani kwa ngazi za fedha. Kisha nguvu za mji zikapungua, hasa baada ya kushindwa katika vita vya Shela yapata mwaka 1812. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi juu ya majumba hayo yaliyogeuka magofu. Leo kuta zake zimesimama kati ya mashamba ya tumbaku. Ngazi hazipo. Lakini desturi ya jirani kumpelekea jirani chakula ingali hai, kwa kuwa haikuhitaji fedha wala dhahabu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Karamu ya gharama ndogo si njema kwa kuwa ni rahisi, maana bahili naye hupenda rahisi. Ni njema inapomwezesha mnyonge wa mwisho katika mtaa kusema: Karamu hii ni yangu pia. Isipofanya hivyo, ni uchumi tu, si wema.

Msomaji, siku moja nawe utapewa kalamu na kuambiwa uhesabu michango ya mtaa wako. Kabla hujauliza kila nyumba italipa nini, uliza kila nyumba ina nini. Mimi sikuuliza. Siku ile tulikodi mikeka ya kukalia, na nyumbani kwa bibi yule mikeka ilikuwa imekunjwa imeegemezwa ukutani. Kama tungalimwomba, mtaa mzima ungalikaa juu ya kazi ya mikono yake, na sahani isingalirudi.