Unene na Lawama

Msomaji, mtu mnene ambaye moyo wake umekakamaa, usilegee vema ili ujae damu, akipanda mlima wa Mikinduri huku akitweta, sisi humwambia: punguza chakula! Je, lawama hiyo ni haki? Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya wagonjwa 529 wa namna hiyo. Kura iliwagawa: hawa sindano ya semaglutaidi kila juma, wale sindano isiyo na dawa. Baada ya majuma 52 wa kwanza walipungua uzito kwa asilimia 13 hivi, wakatembea mbali zaidi; wa pili hawakufikia 3. Kilichowatenga ni kura, si nia. Basi ulafi tuliuonaje? Dawa ingali ghali, na mkulima wa miraa hubakiwa na shauri letu.