Kazi yavuka bahari, wajibu je?

Wenye maduka makubwa ya Ulaya na Marekani hupeleka kazi ya kushona nguo Bangladesh, kwani huko mishahara ni midogo. Je, ni vema ao vibaya?

Tusihukumu upesi. Mshonaji wa Ulaya amepoteza kazi, ni kweli. Lakini maskini wa Bangladesh naye ana haki ya kula kwa jasho lake, na wanawake wengi wamepata fedha yao wenyewe.

Lakini tukumbuke jumba la Rana Plaza, karibu na Dhaka. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana. Kesho yake washonaji waliamriwa kuingia. Jumba likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Mshahara wa chini ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, karibu dola 38. Ni nani kati yao angethubutu kukataa?

Mwenye duka atasema kiwanda si chake. Sawa, lakini bei ni yake, na haraka ni yake. Kazi aweza kumpa mwingine, wajibu hawezi. Mwezi uliofuata makampuni mengi yalitia sahihi mapatano ya kukagua majengo. Basi, kumbe iliwezekana tangu mwanzo!

Nasi tuvaao mashati hayo, tusifurahie bei ndogo bila kuuliza ni nani aliyelipa iliyobaki.