Ramadhani 18: Kadi ambayo hukuwa nayo

Leo mnivumilie kidogo, maana tafakuri yetu inapitia kwenye besiboli kabla ya kufika mahali pake. Sisi tunaoishi huku Marekani tunauona mchezo huo kila kiangazi, hata kama wengi wetu mpaka leo hatujaelewa nani anakimbia kwenda wapi na kwa nini.

Kuna watu wanaokusanya vitu vya zamani vya mchezo huo: kadi zenye picha za wachezaji, mipira, jezi. Kadi zenyewe mwanzoni zilitiwa ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikauzwa pamoja na chingamu kwa watoto, senti tano pakiti. Kaa na mmoja wa hawa wakusanyaji dakika kumi tu. Hatakuambia kadi fulani ni nzuri namna gani. Atakuambia bei yake ya zamani. "Ile niliiona dola hamsini, nikaiacha." Anaitaja ile hamsini kama mtu anavyotaja jina la marehemu wake.

Kadi inayotajwa kuliko zote ni ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh. Ilitolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911, kisha ikasimamishwa mapema. Wengine husema Wagner hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake, wengine husema alitaka kulipwa. Allah ndiye ajuaye. Zilizobaki ni chache mno. Miaka ya 1930 iliorodheshwa kwa dola 50, na wakati ule watu walikuwa wakipanga foleni ya mkate. Moja kati ya kadi hizo ilinunuliwa 1985 kwa dola 25,000. Mwaka 1987 ikauzwa 110,000. Mwaka 1991 ikapigwa mnada kwa 451,000, mmoja wa wanunuzi akiwa Wayne Gretzky, yule bingwa wa hoki. Kufikia 2007 ilikuwa milioni 2.8.

Ngazi hiyo ya bei wakusanyaji wanaijua kwa moyo kama mtoto wa madrasa anavyojua alifu-bee-tee. Lakini sikilizeni. Yule aliyeinunua 1985, Bill Mastro, alikuja kukiri katika kesi yake ya 2013 kwamba aliikata kingo ionekane safi zaidi. Maana yake ngazi nzima imejengwa juu ya aibu ya bidhaa iliyofichwa. Na bado ni hizo hizo bei ambazo mtu anazitaja usiku akijilaumu kwamba hakuwepo. Anajilaumu kwa kukosa nini hasa? Kwa kukosa kuuziwa kitu kilichokatwa?

Sasa swali ninaloleta leo ni hili: mtu ambaye aliona kitu kwa bei ndogo, akakiacha, kisha kikapanda, je, amepoteza?

Haraka haraka tutasema ndiyo. Chukua kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952. Moja iliyo safi sana ilinunuliwa 1991 kwa dola 50,000, na Agosti 2022 ikauzwa milioni 12.6. Aliyekuwa na dola 50,000 mwaka 1991 akanunua gari au akalipia nyumba, leo akisikia habari hiyo tumbo linamkata. Lakini hebu twende polepole. Hiyo milioni 12 ilikuwa mfukoni mwake lini? Hakuna siku hata moja. Aliyoipoteza ni picha aliyojichorea baadaye, tena picha yenye masharti mengi sana: kwamba angenunua, asingeuza ilipofika laki moja, nyumba isingeungua, asingeugua akahitaji pesa, asingeachana na mkewe wakagawana mali. Miaka 31 ya subira anajipa bure, kwenye mawazo.

Na kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Kadi hiyo ina thamani kwa sababu gani? Kampuni ya Topps ilizitoa mwishoni mwa msimu wa 1952, watoto walikuwa wameshachoka kununua, masanduku yakabaki ghalani. Mfanyakazi wao Sy Berger alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 waliyapakia masanduku kwenye tishari na kwenda kuyamwaga baharini, Atlantiki. Waliyamwaga baharini, jamani! Na zile zilizokuwa mikononi mwa watoto, wengine walizifunga kwenye spoki za baiskeli ili zilie trrr, na akina mama wakatupa mabaki siku ya kusafisha nyumba. Hizo zilizotupwa ndizo zinazoibeba bei ya iliyobaki.

Basi yule anayesema "lau mama asingetupa," kwa kweli hatamani mama zote wasingetupa. Wote wangetunza, kadi isingefika popote. Na hili si nadharia, limeshatokea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 watu walishasikia hizo hadithi za bei, wakasema safari hii hatupitwi. Wakanunua kadi mpya kwa makasha, wakaziweka kwenye plastiki, wengine wakiambizana hizi ndizo zitasomesha watoto chuo kikuu. Kampuni nazo zikachapisha bila kiasi. Leo makasha mengi ya miaka ile yako darini bado na hayalipi hata gharama ya kuyasafirisha. Yaani "lau" ya mkusanyaji inataka yeye peke yake awe na busara na dunia yote iwe imetupa. Ukiitazama vizuri, matamanio ya namna hiyo yana harufu ya kutotakia wenzako heri.

Kumbukumbu nayo ina upendeleo. Mpira ambao Mark McGwire aliupiga ukavuka uzio mara ya 70 mwaka 1998 ulinunuliwa Januari 1999 kwa takriban dola milioni tatu. Mwaka 2001 rekodi ikavunjwa na Barry Bonds, na 2010 McGwire akakiri kuwa alikuwa akitumia dawa za kuongeza nguvu. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwa furaha, "alhamdulillah niliuacha ule." Bei iliyopanda tunaibeba miaka na miaka. Ile iliyotuokoa tumeisahau jioni yake.

Mtanisamehe kwa marefu yote haya. Nimeyaleta kwa sababu ya jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyepita miaka sabini, mtu mwema, wakati wa theluji hutangulia kusafisha njia yangu kabla ya yake. Alipokwenda jeshini mama yake alitupa boksi lake la viatu lililojaa kadi. Mama amefariki zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nilipomuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani, jambo la kwanza kutoka mdomoni mwake lilikuwa lile boksi, na makadirio ya thamani yake kwa bei ya leo. Mwanamke aliyemlea, aliyemwandikia barua jeshini kila wiki (hilo alinieleza baadaye, kwa kupita tu), amebaki kwenye kumbukumbu ya mwanawe kama mdaiwa. Na deni lenyewe halikuwepo siku anayodaiwa kulifanya. Siku ile alitupa karatasi za senti tano.

Tusimcheke. Sisi kadi hatuna, tuna viwanja. Ni nani humu hajasikia, "Mbezi pale baba aliuza kwa bei ya mbuzi wawili"? Au Kigamboni, au Nyali kule Mombasa. Kuna ndugu wa tumbo moja hawajapigiana simu miaka, kwa sababu kaka mkubwa aliuza shamba la urithi na sasa pamejengwa maghorofa. Ikiwa alikula haki ya wenzake, hiyo ni dhulma, na idaiwe kwa bei na kwa hesabu ya haki. Lakini mara nyingi aliuza kwa ridhaa ya wote, kwa bei ya siku ile, pesa zikamtibu mama au zikamsafirisha huyu huyu anayelalamika. Amekatiwa tiketi kwa lile shamba, na leo yuko Ohio anamnunia kaka yake kwa kuliuza.

Neno "lau" lenyewe halina dhambi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilitumia katika Hija yake ya kuaga alipozungumzia mnyama wa kuchinja aliyekuja naye, na wanazuoni wameeleza kwamba kusema "lau" ili kujifunza au kutamani heri hakuna ubaya. Lililoonywa, katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ni ile "lau" ya majuto juu ya jambo lililokwisha kupita, kwani hapo ndipo shetani anapopata mlango. Na mtu ukiangalia kazi anayoifanya akishaingia, mara nyingi si kukuharibia imani kwa ghafla. Anakaa tu anakupigia hesabu: bei ya wakati ule, bei ya leo, tofauti yake, na nani alaumiwe.

Kuna ndugu aliuliza kwenye kundi wiki iliyopita kuhusu zaka ya vitu vya zamani anavyouza mtandaoni, na hapa ndipo pa kumjibu, ingawa kwa ufafanuzi zaidi amuone imamu. Bidhaa ya biashara inatolewa zaka kwa thamani yake ya siku mwaka wako unapotimia, ukishafika nisabu. Si kwa bei uliyonunulia, wala kwa bei ya juu iliyowahi kufika mwaka juzi. Ulichoweka kwa matumizi au mapenzi yako binafsi tu, huna nia ya kukiuza, wengi wa wanazuoni wanasema hakimo kwenye hesabu hiyo. Na kile ulichowahi kukiona kwa dola hamsini ukakiacha hakina safu kwenye karatasi. Nimejaza ile fomu ya zaka ya msikiti usiku huu baada ya tarawehe, ina safu ya dhahabu, ya fedha taslimu, ya bidhaa, ya madeni unayodai watu yanayotarajiwa kulipwa. Fomu zimebaki nyingi pale mlangoni, karibu na rafu ya viatu. Anayetaka asaidiwe kupiga hesabu, ndugu wa kamati watakuwepo kesho baada ya Asr.